Mabuyu ya Mombasa: pipi nyekundu ya pwani inavyopikwa nyumbani

Mabuyu ni pipi ya pwani ya Kenya inayotengenezwa kwa mbegu za mbuyu zilizo bado na unga wake mchachu. Mbegu hizo huchanganywa na shira ya sukari iliyotiwa rangi, iliki na vanila, mpaka kila moja ivae koti jekundu. Mlaji hazitafuni. Huzifyonza moja moja, ukali wa unga ukipambana na utamu wa sukari, kisha hutema kokwa. Ulimi hubaki mwekundu kwa muda, na watoto wa Mombasa hupenda kutoleana ndimi ili ijulikane nani amekula nyingi zaidi.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, kitu hicho hicho huitwa ubuyu, na ule wa Zanzibar ndio wenye sifa. Tofauti hiyo ya jina ina mantiki yake. Mti ni mbuyu, tunda ni buyu, na nyama kavu iliyomo ndani ya tunda ni ubuyu. Kwa hiyo Mombasa imechukua jina la tunda, Zanzibar imechukua jina la kile kinacholiwa. Katika mazungumzo ya mitaani nchini Tanzania neno ubuyu limepata pia maana ya habari za watu zinazonong'onwa, bila shaka kwa sababu vyote viwili ni vigumu kuviacha vikishaonjwa.

Pipi hii huuzwa mitaani kwa kupimwa, aghalabu bila kibandiko chochote kinachoeleza kilichomo. Mzazi anayemnunulia mtoto hana njia ya kujua rangi iliyotumika ni ipi, wala ni kiasi gani. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipika nyumbani, na kazi yenyewe haimalizi saa moja.

Malighafi

Mbuyu, ambao jina lake la kisayansi, Adansonia digitata, linamkumbuka mtaalamu wa viumbe wa Ufaransa Michel Adanson aliyefanya utafiti Senegal katika karne ya 18, hustawi Kilifi, Kwale na Taita-Taveta, na bara zaidi katika maeneo ya Makueni na Kitui. Tunda lake lina sifa adimu: nyama yake hukauka yenyewe ndani ya ganda likiwa bado mtini. Hakuna haja ya kulianika. Unga wake una vitamini C, asidi ya sitriki na pektini, ile ile inayogandisha jamu. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga huo kuuzwa kama chakula katika nchi zake mwaka 2008.

Thamani ya mti wenyewe ilizua mjadala nchini Kenya mwezi Novemba 2022, baada ya mibuyu mikubwa kung'olewa Kilifi ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia, na Rais William Ruto kuagiza uchunguzi ufanywe. Mbuyu huishi karne nyingi. Ukishang'olewa, vizazi kadhaa vya wapishi wa mabuyu vimeondoka nao.

Kwa chungu kimoja cha nyumbani inatosha nusu kilo ya mbegu zenye unga, gramu 300 za sukari, robo tatu ya kikombe cha maji, kijiko kidogo cha iliki iliyotwangwa, matone machache ya vanila na chembe ya chumvi. Wapo wanaoongeza pilipili manga au pilipili ya unga. Mbegu zichaguliwe kwanza: nyuzi nyekundu za ndani ya tunda ziondolewe, na zile zenye unyevu, madoa ya kijivu au harufu ya ukungu zitupwe. Kisha zichekechwe kidogo. Unga unaodondoka usitupwe, kwani utahitajika mwishoni.

Shira ndiyo kazi

Mpishi akishindwa mabuyu, mara nyingi ameshindwa shira. Sukari na maji vikichemka pamoja, maji hupungua na kiwango cha joto hupanda, na kila hatua ya joto hilo huzaa kitamu tofauti. Shira nyepesi ndiyo ya kumwagia kaimati. Inapofikia takriban nyuzi joto 106 hadi 112 za Selsiasi, huanza kuvutika kama uzi. Hapo ndipo mahali pa mabuyu. Ikiendelea kidogo, tone lake likitiwa katika maji baridi hufanya donge laini, na hiyo ni hatua inayofaa kashata. Ikipita nyuzi joto 160 inageuka kahawia, yenye ladha ya sukari iliyoungua, na mabuyu hayana kazi nayo tena.

Wapishi wengi hawana kipimajoto na hawakihitaji. Tone la shira huwekwa juu ya kisahani baridi, likaachwa lipoe kidogo, kisha hubanwa kati ya migongo ya vijiko viwili na kuachanishwa. Ukionekana uzi mmoja unaovutika bila kukatika upesi, shira ni tayari. Mabibi wa pwani hupima kwa vidole, lakini huo ni ustadi wa mikono iliyozoea, na haufai kujifunzwa kwa kukisia.

Anayetumia kipimajoto akiwa nchi ya juu akumbuke jambo moja. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri mwinuko unavyoongezeka, takriban nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Jijini Nairobi, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 94, vipimo vyote vilivyotajwa hapo juu vipunguzwe kwa nyuzi 5 au 6. Mpishi wa Nairobi anayefuata vipimo vya Mombasa neno kwa neno atapata mabuyu magumu kama kokoto, na huenda akalaumu mbegu.

Shira ikishavuta uzi, moto hupunguzwa sana. Iliki, vanila na chumvi hutiwa, kisha mbegu zote kwa pamoja, na mwiko haupumziki. Kwa dakika chache mchanganyiko utaonekana kama uji mzito usio na tumaini. Baadaye shira huanza kukauka juu ya mbegu, zikaachana moja moja. Hapo chungu kiepuliwe na mabuyu yatandazwe juu ya sinia pana.

Kuna sababu mbili za kuchelewesha mbegu hadi mwisho. Asidi ya ubuyu ikichemka muda mrefu na sukari huivunja kuwa sukari nyingine mbili sahili, zisizoganda kwa urahisi, na mabuyu hubaki yakinata hata siku ya pili. Hiyo ni kanuni ile ile inayomfanya mpishi wa kaimati akamulie ndimu katika shira yake: yeye anataka isigande, mpishi wa mabuyu anataka igande. Sababu ya pili ni kwamba vitamini C huharibiwa na joto.

Suala la rangi

Mwaka 2007 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, uliohusisha mchanganyiko wa baadhi ya rangi za chakula na kihifadhi kimoja na ongezeko la utukutu kwa watoto. Matokeo yake yalijadiliwa sana na wataalamu, na si wote walioyakubali kama ushahidi wa kutosha. Hata hivyo, tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unadai vyakula vyenye rangi sita zilizotajwa viwe na onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Nyekundu tatu zimo: E122, E124 na E129. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilitangaza mwezi Januari 2025 kuondoa idhini ya nyekundu nyingine, ijulikanayo kama nambari 3.

Rangi ya chakula iliyoidhinishwa, yenye kibandiko kinachotaja jina au nambari yake, ikitumiwa kwa matone, si sumu. Hatari ya wazi iko kwa rangi ya unga isiyo na jina. Rangi za kutia mikeka na vitambaa hazikutengenezwa kwa ajili ya tumbo la mtu, hata zikiwa na wekundu unaovutia zaidi.

Aliye nyumbani ana njia nyingine. Konzi moja ya rozela iliyokauka ichemshwe kwa dakika kumi katika maji kidogo zaidi ya yale yaliyopimwa, ichujwe, na maji hayo mekundu ndiyo yapikiwe shira. Wekundu wa rozela hupendelea uchachu, kwa hiyo ubuyu huuimarisha badala ya kuufifisha. Kwa kuwa rozela nayo ina asidi, shira iachwe ivute uzi mzito kidogo. Njia ya pili ni maji ya bitiruti, lakini yasichemshwe: joto huyageuza rangi ya udongo. Yatiwe vijiko viwili tu, moto ukiwa umeshapunguzwa, pamoja na iliki. Yapasa kusema ukweli kwamba hakuna kati ya njia hizi inayotoa ule wekundu mkali wa dukani. Rozela hutoa rangi ya damu ya mzee, na mtoto aliyezoea ulimi wa moto atahitaji kushawishiwa.

Ushawishi huo unaweza kuwa ule unga uliobaki kwenye chekeche. Mabuyu yakishapoa kabisa, yagawanywe mafungu mawili. Fungu moja libaki lilivyo, la pili lirushwerushwe ndani ya unga mkavu uliochanganywa na sukari kidogo. Kwa macho mbegu zilizopakwa unga huonekana pole, lakini ulimini ndizo kali zaidi, na mchezo wa kumpa mgeni asiyejua hauchoshi upesi.

Mikono midogo

Kuchagua mbegu, kuchekecha, kutwanga iliki na kukunja karatasi za kufungia ni kazi za watoto. Kukoroga shira si kazi yao. Shira ina joto kuliko maji yanayochemka na hung'ang'ania ngozi, hivyo huunguza kwa kina zaidi. Ikimrukia mtu, sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na siagi visipakwe. Mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka 5, asipewe mabuyu yenye kokwa, kwa kuwa mbegu ngumu zinaweza kumkaba.

Kwa hao wadogo, jirani wa kusini ana jibu. Nchini Malawi, ambako tunda la mbuyu huitwa malambe, unga wake hutengenezwa kinywaji na barafu za kufyonza. Nyumbani, kikombe kimoja cha mbegu zenye unga huloweshwa katika vikombe vitatu vya maji safi ya kunywa kwa saa moja, husuguliwa kwa mkono, huchujwa kokwa zote, na kutiwa sukari. Anayependa maziwa ayatie yakiwa baridi, kwa sababu yakiwa moto uchachu utayakata. Mchanganyiko humiminwa katika vikombe vidogo, hutiwa vijiti na kugandishwa usiku mzima. Hakuna moto hata kidogo, na mtoto wa miaka minne anaweza kudai kwamba ameipika yeye.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni takriban gramu 25. Gramu 300 za chungu kimoja cha mabuyu ni za siku nyingi au za watu wengi. Idi ni wakati mzuri, nyumba ikiwa imejaa.

Mabuyu yafungwe yakiwa yamepoa kabisa, katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Sukari huvuta unyevu wa hewa, na wa pwani ni mwingi, kwa hiyo kazi hii ifanywe siku isiyo na mvua. Yakianza kunata, yarudishwe juu ya sinia na kuwekwa ndani ya joko lenye joto dogo kwa dakika chache. Yakionekana na ukungu, hayatengenezeki tena.