Safari ya Miguu kutoka Lindi hadi Masasi, 1876

Ndugu wenzangu, mtakumbuka asubuhi ile ya siku ya pili ya mkutano wetu, tulipoacha magari chini ya miembe tukaenda kanisani kwa miguu kama enzi za kengele ya bweni. Mwendo wa nusu saa ulituchukua saa nzima. Mmoja wetu akasimama, akafuta jasho, akasema, "Jamani, hii sasa ni hija!" Tulicheka sana. Lakini neno hilo lilinikumbusha safari moja tuliyoisoma juu juu tu darasani, nami nimemwomba Mhariri nafasi kidogo niieleze.

Kwa miaka mingi watu wa pande za Ruvuma na Ziwa Nyasa walishukishwa pwani kwa miguu, wengi wakiwa na makongwa shingoni, hadi Kilwa na Lindi. Aliyechoka aliachwa njiani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwezi Aprili 1876 Sayyid Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Waliookolewa baharini na manowari za Waingereza hawakuwa na njia ya kurudi kwao. Baadhi yao walikabidhiwa kwa Misheni ya Vyuo Vikuu, wakapewa makazi Mbweni, nje ya mji wa Unguja.

Hapo ndipo Askofu Edward Steere, yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili, alipofanya shauri la kuwarudisha bara. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuitembea nchi ile mwaka 1875, kutoka Lindi hadi kwa Mataka, mfalme wa Wayao. Basi mwaka 1876 akavuka bahari pamoja na watu 55, wanaume 31 na wanawake 24, wakashuka Lindi na kushika njia ya bara.

Hebu tufikiri kidogo. Watu hawa waliipa mgongo pwani ileile waliyofikishwa kwa nguvu. Miguu ni ileile na jua ni lilelile, lakini safari hii hakuna aliyewafunga. Sijui kama yupo mhubiri awezaye kufundisha uhuru kwa maneno kuliko hatua hizo zilivyofundisha. Vitabu vyetu humsifu Askofu, na anastahili. Lakini ninavyoona mimi, mafundisho makubwa ya safari ile waliyatoa hao 55, ambao mara nyingi hutajwa kwa hesabu tu.

Shauri la kwanza lilikuwa kufika Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, kwenye ile milima ya mawe, watu wakasema hapa panatosha, hapa ni kama kwetu. Askofu angeweza kukataa. Ndiye aliyekuwa na mali na amri. Akakubali. Waliochaguliwa kila kituo na watu wengine sasa walichagua wenyewe mahali pa kutua mizigo. Wakajenga, wakalima, na kanisa likaanza hapo.

Tusidhani kwamba taabu zilikwisha. Mwezi Septemba 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliivamia Masasi. Watu wakauawa, na wengine wakachukuliwa mateka, wakatembezwa tena kwa nguvu, safari hii kuelekea magharibi. Misheni ikahamia Newala kwa muda.

Hata hivyo njia ile haikufa. Miongoni mwa walioipita baadaye alikuwamo Cecil Majaliwa, Myao aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto na kulelewa na misheni Unguja. Mwaka 1886 alikwenda Chitangali, akawa akihudumia vijiji vya huko, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kuupata. Kisha akarudi Chitangali kwa watu wake.