Kaisari Mchanja Kuni na Amri ya Misitu ya 1904

Mtawala wa mwisho wa dola ya Ujerumani, Kaisari Wilhelm II, alimalizia maisha yake akichanja kuni. Tarehe 10 Novemba 1918 alivuka mpaka na kuingia Uholanzi akiwa mkimbizi. Akakaa kwanza katika kasri la Amerongen, kisha kuanzia mwaka 1920 katika nyumba yake mwenyewe pale Doorn, hadi alipofariki Juni 1941. Katika miaka hiyo yote, shughuli aliyoipenda ilikuwa kuangusha miti, kuikata magogo kwa msumeno na kuyachanja. Aliangusha maelfu. Baadhi ya wageni wake waliondoka na kipande cha gogo kilichotiwa saini yake, kama mtu apewavyo picha ya ukumbusho.

Huwaeleza wanafunzi wangu habari hii, nao hucheka. Kisha huwakumbusha kwamba ni chini ya utawala wa mtu huyuhuyu, mwaka 1904, serikali ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilipotoa amri ya kuhifadhi misitu, ambayo ilimpa gavana uwezo wa kutangaza eneo lolote kuwa hifadhi na kumzuia mwenyeji kukata, kulima, kuchoma moto au kuishi humo bila kibali. Kicheko hupungua.

Makala hii inahusu jambo linaloonekana dogo: mtu kushika shoka au tezo kwa burudani yake. Nimelichagua kwa sababu limebeba historia ya nani aliruhusiwa kuugusa mti, na kwa jina gani.

Kwa watawala wa Ulaya ya karne ya 19, kukata mti kwa starehe kulikuwa heshima. William Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne, alijulikana kwa kuangusha miti katika shamba la Hawarden, na watu walisafiri kwenda kumtazama na kuokota vibanzi vya shoka lake. Wengi hawakumwona kuwa mharibifu wa mazingira. Shamba lilikuwa la ukoo wa mkewe, mti ulikuwa wake, na jasho lilikuwa la hiari. Burudani ya namna hii inahitaji vitu viwili ambavyo mkulima wa Rufiji au Kilwa alikuwa akinyang'anywa katika miaka ileile: haki juu ya mti, na muda wa kuutumia.

Tuanze na Rufiji. Kwa karne nyingi boriti za mikoko ya delta ile zilipakiwa majahazini na kupelekwa Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako zilijenga dari za nyumba. Biashara hiyo iliwahusu wakataji, wapagazi, manahodha na watoza ushuru, kila mmoja na sehemu yake. Mwaka 1898 Wajerumani waliiweka mikoko hiyo chini ya usimamizi wa serikali. Mikoko haikuacha kukatwa. Kilichobadilika ni aliyekuwa akitoa ruhusa na aliyekuwa akipokea fedha. Amri ya 1904 ikaupeleka utaratibu huo bara. Mwaka uliofuata, Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Matumbi, watu waling'oa pamba ya serikali, na Vita vya Maji Maji vikaanza.

Vitabu vyetu vya shule hutaja pamba, kodi na shokoa, na ni kweli. Lakini mwanahistoria Thaddeus Sunseri, hasa katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu misitu ya Tanzania, ameonyesha kwamba katika orodha hiyo tulisahau msitu. Mtu aliyezuiwa kuwinda, kufyeka shamba jipya, kuchukua asali na kukata nguzo alikuwa amefungiwa ghala lake la akiba. Mwaka wa mvua mbaya, msitu ndio uliokuwa ukiwalisha watu. Mimi nakubaliana na Sunseri, na ningependa mitaala yetu ikubaliane naye pia.

Kaskazini mwa mpaka mambo hayakuwa tofauti sana. Injini za Reli ya Uganda zilikula kuni kwa miaka mingi, na mikaratusi ilipandwa ili kuzilisha. Kuni za gari moshi ziliitwa maendeleo. Kuni za mama wa kijijini zikaanza kuitwa uharibifu.

Sasa tulitazame tezo. Wazaramo, jirani wa Dar es Salaam, walikuwa na mafundi waliochonga mwana hiti, kile kisanamu kidogo chenye kichwa na kiwiliwili bila mikono, ambacho mwali alikabidhiwa wakati wa kuwekwa ndani. Fundi huyo hakuwa mfanyabiashara wa vinyago, wala hakuwa mtu wa kupoteza muda. Alikuwa mkulima aliyechonga kazi za shamba zilipopungua. Alichonga pia vinu, michi, miiko na mbuzi za kukunia nazi. Tukimuuliza kama kuchonga kwake kulikuwa kazi au starehe, sidhani swali letu lingemwingia akilini. Kiswahili chenyewe hakina neno tulivu la jambo hili. Tunalo "uraibu", lakini neno hilo lilianza na vitu vya kuburudisha kinywa kama tambuu na tumbaku, na leo utalisikia zaidi katika semina za dawa za kulevya.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifika katika nchi hii Mkamba kutoka Wamunyu, Machakos, jina lake Mutisya Munge. Vita hivyo vilikusanya wapagazi wengi kiasi kwamba kikosi chao kiliacha jina lake Dar es Salaam hadi leo: Kariakoo. Wakamba walikuwa tayari na mikono ya ufundi, wakichonga vigoda na vijiko. Husimuliwa kwamba Mutisya aliwaona wachongaji wa huku wakitoa sanamu za watu katika mti mgumu, akajifunza, na baada ya vita akarudi Wamunyu na ufundi huo. Alianza kwa kuchonga mwenyewe, kisha jamaa, kisha kijiji. Kufikia mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walikuwa na chama chao cha ushirika Mombasa. Hebu msomaji aziweke picha mbili pamoja: karibu na mwaka 1919, Amerongen na Wamunyu. Mmoja amepoteza dola na anapasua magogo ili siku ipite. Mwingine ametoka katika vita vya huyo wa kwanza, naye anaugeuza mti kuwa riziki ya vizazi.

Wamakonde wana historia yao, ndefu kuliko nafasi niliyo nayo. Wengi walivuka Ruvuma kutoka uwanda wa Mueda kuja katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakikimbia kodi na kazi za lazima za Wareno. Mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960 yaliongeza sababu za kutorudi. Mti wao wa sifa ni mpingo: ganda la nje jeupe la manjano, kiini cheusi, mzito kiasi cha kuzama majini. Huchukua miaka 70 hadi 100 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Mchongaji hukaa chini, hushika gogo kwa nyayo, huanza na tezo, humaliza kwa patasi, tupa na msasa. Na msasa, kwa wasiojua, ni mti. Majani yake makavu yenye mikwaruzo ndiyo yaliyolainisha kazi kabla ya karatasi ya dukani kurithi jina. Uzuri wa kazi ya Kimakonde ni kwamba inafuata umbo la gogo. Kiwanda cha zumari za Ulaya hutafuta kipande kilichonyooka kisicho na fundo, na sehemu kubwa ya mpingo huishia kuwa takataka. Mchongaji huchukua hata kile kilichopinda.

Mimi mwenyewe huchanja kuni na kuchonga miiko siku za Jumamosi, kwa matawi ya mwembe na mwarobaini yanayokatwa uani. Kuni ndizo zilizonifundisha kuchonga. Gogo linalokataa kupasuka lina kitu ndani, fundo au nyuzi zilizojisokota, na mtu akishaanza kuuliza kwa nini limekataa, amekwisha kuwa mwanafunzi wa mti. Jirani zangu huyaita mazoezi ya mhadhiri. Lakini nimepata kumwona mama mmoja, kando ya hifadhi ambayo sitaitaja, akishushwa tita la kuni kichwani na kuandikiwa faini. Zilikuwa kuni kavu, za kuokota. Lugha yetu inatofautisha vizuri kusenya kuni na kukata mti, ila daftari la faini siku ile lilikuwa na safu moja tu.

Nisieleweke vibaya: misitu ya Pugu na Kazimzumbwi haikuisha kwa hadithi. Mkaa wa jiji umeila. Wakamba nao waliutumia muhugu mpaka ukawa adimu, na kuanzia miaka ya 1990 wengi wakahamia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti ya mashambani ambayo mwenye shamba huipanda na kuiuza mwenyewe. Hilo halikuhitaji askari. Lilihitaji mchongaji apate mti wenye mwenyewe anayejulikana.

Kilwa imeonyesha njia nyingine. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002, kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, na mpingo ukaanza kuvunwa kwa mpango wa wanakijiji wenyewe. Ni wilaya ileile ya Nandete. Zaidi ya miaka mia moja ilihitajika ili sheria irudi kumtambua mtu iliyemfukuza.

Serikali sasa ina mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nauunga mkono, moshi umewaua mama zetu kimyakimya. Kwa maafisa misitu wanaosoma hapa nina ombi moja mahususi, kwa ajili ya miaka iliyobaki kabla ya hapo. Katika mipango ya usimamizi wa hifadhi mnayoiandika, tengeni siku na njia za kusenya kuni zilizoanguka, na mruhusu magogo yaliyopinda, yanayoachwa porini baada ya uvunaji, yauzwe kwa wachongaji wa kijiji kwa bei wanayoiweza. Uwezo huo mnao tayari katika sheria ya 2002.