Istilahi za Hataza: Kuchanganya au Kuunganisha?

Kabla ya Sheria ya Hataza Na. 1 ya 1987, Tanzania Bara haikupima uvumbuzi. Sheria iliyorithiwa kutoka utawala wa Kiingereza iliruhusu tu kusajiliwa kwa hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza. Swali la upya wa uvumbuzi lilijibiwa London, kwa Kiingereza. Si ajabu, basi, kwamba Kiswahili hakikuundiwa istilahi za kazi hiyo, kwani neno hufuata kazi.

Sheria ya 1987 ilileta mizani nyumbani. Yataka mambo mawili yapimwe mbalimbali: kwamba uvumbuzi ni mpya, na kwamba si jambo lililo dhahiri kwa mwenye ujuzi wa fani ile. Kwa desturi ya sheria za hataza, katika kupima upya kila andiko la zamani hulinganishwa peke yake na uvumbuzi. Katika kupima udhahiri, maandiko mawili au zaidi huweza kutazamwa pamoja.

Tuseme fundi wa Unyambwa, mkoani Singida, ameweka sumaku ya kudumu mahali pa kumiminia mbegu katika mashine ya kukamulia alizeti, ili inase misumari kabla haijaharibu mashine. Andiko moja la zamani laeleza mashine hiyo. Jingine laeleza sumaku katika kinu cha nafaka. Hakuna lielezalo yote mawili, kwa hiyo uvumbuzi ni mpya. Lakini akinyimwa hataza na kukata rufani, shauri litasimama juu ya swali moja: je, fundi wa kawaida alikuwa na sababu ya kuunganisha maandiko hayo?

Hapo mfasiri hana budi kuwa mwangalifu. "Kuchanganya" kuna maana pia ya kukoroga mambo. "Kuoanisha" kwadai kwamba maandiko yanapatana, na hilo ndilo linalobishaniwa. "Kuunganisha" hakutangulizi hukumu. Vivyo hivyo, "sanaa ya awali" humpeleka msomaji kwenye uchongaji na uchoraji. "Maarifa yaliyotangulia" humfikisha kwenye maana.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo istilahi hizi si pambo la kamusi. Fundi aliyeshindwa rufani anastahili kusoma hukumu yake na kuelewa kwa nini ameshindwa.