Kufufua Gari Kuukuu la Kimarekani: Historia ya Fundi wa Nyumbani

Mapema mwaka 1908, katika uwanja wa mbio za magari wa Brooklands, kusini-magharibi ya London, mafundi walifungua Cadillac tatu hadi zikabaki marundo ya vyuma. Kila gari lilitoa vipande 721. Wasimamizi kutoka Royal Automobile Club wakaamuru vipande vyote vichanganywe, kisha wakaondoa 89 na kutia vingine kutoka stoo ya wakala. Mafundi walipewa spana, bisibisi na vifaa vingine vya mkono. Kuchonga wala kupiga tupa hakukuruhusiwa. Magari yakafungwa upya, yakawashwa, yakazunguka uwanja huo maili 500.

Cadillac, kampuni ya Henry Leland, ilipewa tuzo ya Dewar kwa kazi hiyo. Si ajabu, maana siku zile vipuri vya magari mengi ya Ulaya vilikuwa vikichongwa kimoja kimoja mpaka vikubali kukaa kwenye gari husika.

Habari za watu wanaofufua magari makuukuu ya Kimarekani majumbani mwao husimuliwa mara nyingi kama habari za mapenzi ya vitu vya kale. Mapenzi yapo, lakini hayafungi boliti. Mtu mwenye kazi nyingine kabisa, mwalimu au karani, anaweza kuifungua Ford yenye umri wa miaka 60 bandani kwake na kuifunga tena ikatembea kwa sababu iliundwa tangu mwanzo kwa vipande vinavyofanana. Kipaji cha fundi huja baadaye.

Miezi michache baada ya jaribio la Brooklands, Ford Model T ilitoka kiwandani. Bei yake mwanzoni ilikuwa kama dola 850, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 toleo la bei nafuu liliuzwa dola 260. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1927, zaidi ya milioni 15 zilikuwa zimeundwa. Wanunuzi wengi walikuwa wakulima walioishi mbali na gereji yoyote, watu waliokwishazoea kuzitengeneza wenyewe mashine zao za shambani. Injini ya silinda nne na nguvu za farasi 20 haikuwatisha. Katalogi ya Sears, Roebuck iliyowauzia mashati na majembe iliwauzia pia vikorokoro vya kuiongezea Ford yao. Desturi ya kulitengeneza gari nyumbani, basi, ilikuwepo kabla mtu hajafikiria kulihifadhi kama kumbukumbu.

Wazo la kuhifadhi lilikuja magari hayo yalipoanza kujaa kwenye yadi za vyuma chakavu. Mwaka 1935 huko Philadelphia iliundwa Antique Automobile Club of America, na miaka miwili baadaye Los Angeles ikapata Horseless Carriage Club. Kisha ikaja vita. Februari 1942 viwanda vya Marekani viliacha kuunda magari ya raia, na katika kampeni za kukusanya chuma cha vita magari mengi ya zamani yaliingia kwenye tanuru. Vita hivyo hivyo vikafundisha kizazi kizima cha vijana kufungua injini za jeep na malori. Waliporudi nyumbani, wengi hawakuwa na haja ya kuhifadhi chochote: walizikata Ford za miaka ya 1930, hasa ile ya 1932 yenye injini ya V8, wakazipunguza uzito na kuzipeleka kwenye mashindano ya mbio. Jarida lao, Hot Rod, lilianza Januari 1948. Wahifadhi wa leo huwalaumu vijana hao kwa kuharibu magari. Lawama hiyo ina ukweli nusu tu, kwani gari lililokatwa bandani lilinusurika kukatwa kwenye yadi ya chakavu.

Mambo yalibadilika katikati ya miaka ya 1950. Mashindano ya magari mazuri ya Pebble Beach, California, yaliyoanza mwaka 1950, yalikuwa yakiyapa magari mapya zawadi kuu. Mwaka 1955 Phil Hill, dereva kijana ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia wa Formula 1, alifika na Pierce-Arrow ya 1931, gari la familia yao lililofufuliwa, akawashinda wote. Mwaka mmoja kabla ya hapo mjini Quincy, Illinois, Ernest Hemmings alikuwa ameanzisha Hemmings Motor News, gazeti la matangazo ya kununua na kuuza magari ya zamani na spea zake. Vuli ya 1955 soko la wapenzi wa magari hayo lilianza Hershey, mji wa chokoleti kule Pennsylvania, ambako hadi leo wauzaji hupanga chini kabureta, taa na vishikio vya milango ambavyo viwanda vilikwishavisahau. Chicago nako, kampuni ya J.C. Whitney, iliyoanza mwaka 1915 kama yadi ya vyuma chakavu ya mhamiaji aitwaye Israel Warshawsky, ilikuwa ikituma spea kwa posta hadi vijijini.

Gari lililofaidika kuliko yote na mtandao huo wa spea ni Ford Mustang. Ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwa bei ya kuanzia dola 2,368, na kufikia Machi 1966 milioni moja zilikuwa zimeundwa. Chini ya umbo lake la kuvutia mlikuwa na vipande vingi vya Falcon, gari la kawaida la familia, kwa hiyo spea hazikuwa adimu tangu siku ya kwanza. Leo kampuni ya Dynacorn huuza bodi nzima mpya ya Mustang ya miaka ya 1960, ikiwa na kibali cha Ford. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kufufua Mustang ya 1965 ambayo karibu hakuna kipande chake kilichokuwepo mwaka 1965.

Kazi yenyewe ina ugomvi wake mkubwa na kutu. Chini ya kioo cha mbele cha Mustang za mwanzo kuna kisanduku cha bati kinachopitisha hewa ya ndani. Majani na maji ya mvua hukusanyika humo, bati likaliwa mahali pasipoonekana, na dereva hugundua siku anapolowa miguu. Kukitengeneza hakuna njia ya mkato: mudgadi zitoke, nukta za kuchomelea mia na zaidi zitobolewe, bati jipya lichomelewe. Wenye haraka hujaza puti na kupiga rangi juu yake, na gari hilo huuzwa likiwa linang'aa kwa mtu asiyejua kuinama kulitazama.

Breki nazo zina historia yake. Mustang ya 1965 ina masta silinda yenye njia moja. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Njia mbili zilikuja kuwa kawaida ya magari ya Marekani mwaka 1967, na wafufuaji wengi huzifunga hata kwenye magari ya kabla ya hapo. Vitambaa vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, hivyo vumbi lake halipulizwi kwa kompresa.

Halafu kuna petroli. Injini za zama zile zilitegemea risasi iliyochanganywa kwenye mafuta kulinda viti vya valvu. Marekani ilipiga marufuku petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani kuanzia Januari 1996, na Agosti 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba haiuzwi tena kwa magari popote duniani. Wafufuaji wengi hutia viti vya chuma kigumu, kazi ya mashine ambayo haifanyiki bandani. Kuchovya bampa kwenye kromu nako hupelekwa kwa wenye mitambo. Kila gari "lililotengenezwa nyumbani" lina safari kadhaa za kwenda kwa mafundi wa nje.

Cuba ilikwenda njia nyingine. Vikwazo vya Marekani vilivyoanza mwaka 1960 na kukamilika Februari 1962 vilifunga mlango wa spea. Chevrolet na Buick za Havana zimeendelea kutembea kwa injini za dizeli, giaboksi za Kirusi na vipande vilivyochongwa mtaani, kwa sababu ndizo teksi za wananchi. Jaji wa Pebble Beach asingezipa alama hata moja. Ukizipima kwa watu wanaozipanda kila asubuhi, zimeshinda.

Marekani kwenyewe ubishi kuhusu namna ya kufufua umegeuka. Mustang ya kijani aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya 1968 ilinunuliwa na familia moja mwaka 1974 kwa dola 6,000, ikawa gari la kumpeleka mama wa nyumba hiyo kazini kwake shuleni. Ilipooneshwa hadharani Detroit mwaka 2018 ilikuwa na rangi iliyopauka, kutu, na vyuma vya kufungia kamera vikiwa bado chini yake. Mashine ilikuwa imeamshwa, bodi haikuguswa. Januari 2020 iliuzwa kwa mnada huko Florida kwa dola milioni 3.74, ada zikiwemo. Ingefufuliwa yote na kupigwa rangi mpya, ushahidi wa filamu hiyo ungefutika.

Kwa hiyo mwenye gari la namna hii alikague kwanza na kupiga picha kila kona. Likiwa bado na rangi ya kiwandani, hata iliyofubaa, aiache na ashughulikie injini na breki peke yake. Likiwa limeshapakwa mara nne na kujazwa puti, hakuna cha kulinda hapo. Alifungue lote, na asinunue kopo la rangi kabla breki hazijakamilika.