Kuanguka kwenye mwembe: Uti wa mgongo ukiumia, fanya hivi

Msimu wa maembe ukifika Tabora, juu ya miti kunajaa watoto na vijana. Mwembe una historia ndefu huku: ulipandwa kando ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, enzi za biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Kivuli chake kizuri. Kudondoka kutoka juu yake ni habari nyingine.

Sio embe tu. Mkoa huu ni wa asali, na warina asali hupanda miti ya miombo kufikia mizinga iliyotundikwa juu, mara nyingi usiku. Halafu kuna bodaboda.

Utafiti wa kumbukumbu za hospitali mkoani Kilimanjaro, za mwaka 2010 hadi 2014, ulihusu watu 213 walioumia uti wa mgongo kwa ajali. Karibu nusu walianguka. Takriban theluthi moja walipata ajali za barabarani. Karibu robo walifariki kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Kwa nini mtu anapooza?

Ndani ya mifupa ya mgongo inapita kamba laini ya neva inayobeba ujumbe kati ya ubongo na mwili. Mfupa ukivunjika unaweza kuunga. Neva za kamba hiyo haziungi hivyo.

Jeraha likiwa shingoni, mikono na miguu yote inaweza kupooza, hata kupumua kukawa shida. Likiwa chini zaidi, ni miguu, mkojo na choo. Ila siku ya kwanza usimtangazie mtu kwamba hatatembea tena: wengine kamba imebanwa au imevimba, na hisia hurudi kiasi baada ya wiki kadhaa.

Dakika za kwanza

Kosa kubwa ni huruma ya haraka. Mtu anashikwa mabega na miguu, anakalishwa, kisha anawekwa kwenye boda katikati ya watu wawili. Mfupa uliovunjika unaweza kumalizia kazi njiani.

Mwache alale. Mmoja ashike kichwa kisicheze. Tafuteni ubao mpana, hata mlango, na watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kisha mumfunge kwa khanga. Akitapika, mgeuzeni mwili mzima kwa ubavu. Kama nyuki wanashambulia, hapo hakuna kusubiri: mvuteni kwa nguo, mwili ukiwa umenyooka, mtoke.

Tabora mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, na Igunga kuna Nkinga. Kesi nzito hupelekwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800.

Nyumbani, adui ni kidonda

Asiyehisi makalio hajui kwamba nyama inaoza chini yake. Vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo vinaua watu ambao ajali yenyewe haikuwaua.

Daktari Ludwig Guttmann alipoanza kazi Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wagonjwa wa aina hii walionekana ni wa kusubiri kufa. Sehemu kubwa ya mapinduzi yake haikuhitaji mashine: aligeuza wagonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Hilo linawezekana hata Sikonge au Kaliua. Akiwa amekaa, ajiinue kwa mikono kila baada ya dakika 15 hadi 30, na ngozi ikaguliwe kila siku.

Na tafadhali, msimkande kwa maji ya moto. Anaungua bila kujua.

Kiti mwendo nacho kina mambo yake. Matairi membamba ya kwenye korido za hospitali yanazama kwenye mchanga wa Tabora. Ombeni chenye matairi mapana na mto mzuri wa kukalia. Kwa mtaji, ulizeni halmashauri: katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu.

Dawa imepatikana?

Bado, kwa hiyo anayeuza ya "kurudisha neva" kwenye simu anakula hela zako. Ila sayansi inasogea. Mwaka 2023 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walieleza jinsi walivyounganisha ubongo na uti wa mgongo wa mtu aliyepooza kwa vifaa vya umeme, akatembea kwa magongo. Desemba 2024 Marekani iliruhusu kifaa cha kusisimua neva kupitia ngozi ili kuboresha kazi ya mikono.

Utafiti wa Kilimanjaro ulitegemea mafaili ya kawaida ya wagonjwa. Ukimfikisha mtu hospitali, sema ameanguka kutoka wapi, urefu gani, saa ngapi na amebebwa vipi, na uombe iandikwe.