Chemirocha (rekodi za Kapkatet, 1950)

Chemirocha ni jina la nyimbo tatu za Wakipsigis zilizorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1950 huko Kapkatet, katika nyanda za chai kusini mwa Kericho, Kenya. Ya tatu, iliyoimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, ndiyo iliyovuma, na leo ni miongoni mwa rekodi za muziki wa asili wa Kenya zinazojulikana zaidi nje ya nchi. Chemirocha ni mtu aliyeishi kweli: Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani. Jina lake lilipopita katika vinywa vya Wakipsigis lilipata Che- ya mwanzo, kama majina mengi ya Kikalenjin, likawa la huko.

Wasifu wa mwimbaji huwa na mwaka wake mkuu: santuri ya kwanza inatoka, ziara zinaanza, jina linapaa. Mwaka 1950 ulikuwa mkuu kwa wimbo huu, lakini kwa mpangilio tofauti kabisa. Aliyefunga safari alikuwa mwenye mashine ya kurekodia. Waimbaji walibaki kwao, sauti yao ikazunguka dunia bila wao. Kwa hiyo makala hii ina miaka miwili ya kufuata: 1927, mwaka wa Rodgers, na 1950, mwaka wa wimbo.

Mwaka wa Rodgers

Jimmie Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na mji wa Meridian, Mississippi, ndio humdai kuwa mwanawe. Alifanya kazi ya breki kwenye treni hadi kifua kikuu kilipomtoa relini. Tarehe 4 Agosti 1927 alisimama mbele ya maikrofoni ya Ralph Peer wa kampuni ya Victor huko Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, akarekodi nyimbo mbili. Siku chache kabla yake, katika chumba hicho hicho, Peer alikuwa amelirekodi kundi la Carter Family. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, Camden, New Jersey, Rodgers alirekodi wimbo wa kwanza katika mfululizo wake wa Blue Yodel, na mambo yakabadilika. Wanunuzi walishikwa na ile sauti inayopanda ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa na kushuka tena, ambayo Wamarekani waliijua kwa wachungaji wa milima ya Ulaya.

Kuanzia hapo hakutulia. Aliimba katika kumbi na mahema ya Kusini, na mapema mwaka 1931 alizunguka na mchekeshaji Will Rogers kuwachangia waathiriwa wa ukame na ufukara. Alikufa New York tarehe 26 Mei 1933, siku mbili baada ya kurekodi kwa mara ya mwisho, akiwa ameacha nyimbo zipatazo 110. Afrika hakuwahi kufika.

Jinsi santuri zilivyofika

Gramafoni haikuhitaji umeme. Ilitiwa ufunguo kwa mkono, ikabebwa kama sanduku, ikachezwa popote. Katika Bonde la Ufa la kati ilikuwa na wabebaji wengi. Kulikuwa na walowezi wa Nakuru, Njoro na Molo, ambao mji wa Nakuru ulikuwa kama makao yao makuu. Kulikuwa na makampuni ya chai yaliyoingia Kericho katika miaka ya 1920. Wamisheni walikuwa na vituo Litein na Tenwek, na simulizi iliyozoeleka ndiyo inayowataja wao kuwa walioleta santuri za Rodgers kwa Wakipsigis. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliongezeka askari wa KAR (King's African Rifles) waliorudi na mshahara wa vita na mapenzi ya gitaa.

Simulizi ya wamisheni inaweza kuwa kweli, lakini isiachwe ibebe mzigo wote. Vijana wa Kipsigis walikuwa wakienda na kurudi kwenye mashamba ya walowezi, wakiwa vibarua na maskwota, kipande, yaani kitambulisho cha kazi, kikining'inia shingoni. Nyimbo za mjini zilisafiri nao. Aliyekaa jikoni au zizini kwa mzungu alisikia kila kilichochezwa sebuleni, na aliporudi nyumbani alikuwa na la kusimulia. Ukweli kwamba jina la Rodgers lilikuwa limekwisha kuingia katika nyimbo tatu tofauti za kijiji kimoja unaonyesha kwamba halikuwa geni la jana.

Safari ya Tracey

Hugh Tracey alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903. Mwaka 1920 alikwenda Rhodesia Kusini kufanya kazi katika shamba la tumbaku la kaka yake, na humo shambani akajifunza nyimbo za vibarua waliokuwa wakilima pamoja naye. Mwaka 1929 aliwachukua waimbaji wa Kikaranga hadi Johannesburg kurekodi. Kufikia mwaka 1950 alikuwa na gari la kurekodia, jenereta iliyowekwa mbali ili mngurumo wake usiingie, na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini nyuma yake. Mwaka huo alipita Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda.

Maikrofoni aliishika mkononi. Aliisogeza kwa mwimbaji kiongozi, akaitelemsha kwenye nyuzi, akaigeuzia kiitikio, yote wimbo ukiendelea. Ndiyo maana rekodi zake husikika kana kwamba msikilizaji amesimama katikati ya duara. Ustadi huo ni wa kusifiwa, lakini una upande wa pili: sikio la Tracey ndilo lililoamua nani asikike karibu na nani abaki nyuma, na wimbo upi utoke kwenye kumbukumbu na upi usitoke. Alipenda muziki aliouona kuwa safi, usioguswa na mjini. Kinaya ni kwamba wimbo uliomletea sifa kubwa Kenya unamwimba mfanyakazi wa reli wa Mississippi.

Wimbo wenyewe

Katika Chemirocha ya kwanza mwimbaji ni Bekyibei arap Mosonick, akiwa na Cherwo arap Korogem. Chombo ni chepkong, kinubi cha nyuzi ambacho ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wabukusu. Tracey aliandika kuwa katika wimbo huo jina Chemirocha lilikuwa limeanza kumaanisha kitu chochote kipya na cha ajabu.

Wimbo wa tatu ni wa wasichana. Chemutoi Ketienya anaongoza, wenzake wanamwitikia kwa sauti nyembamba zinazopishana kidogo, na chepkong inazunguka chini yao bila haraka. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana wanamwalika Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala, aje kucheza nao na aruke kwa nguvu hadi nguo zimvuke. Maelezo hayo yamenukuliwa mara nyingi sana, na wasikilizaji wa Ulaya na Marekani wameyafurahia kuliko wimbo wenyewe: kijiji cha mbali, gramafoni, na watu wanaomgeuza mwimbaji wa kantri kuwa mungu mdogo wa mwituni.

Hapo pana haja ya kusita. Maneno ya Tracey ni ya Tracey, aliyoyapata kupitia mkalimani na kuyaandika kwa wasomaji wake. Msichana anayeimba kuhusu mwanamume anayevuliwa nguo na ngoma anaweza kuwa anatania, na wasichana wa Kipsigis hawakuwa wa kwanza duniani kutania wanaume kwa wimbo. Hakuna sababu ya kudhani waliimba wakiwa wamepiga magoti.

Lakini umbo la kiumbe nusu mtu halikutoka hewani. Wakalenjin walikuwa na Chemosit, zimwi la hadithi ambalo A. C. Hollis alilieleza katika kitabu chake juu ya Wanandi cha mwaka 1909: nusu mtu, nusu ndege, mwenye mguu mmoja. Hila yake ilikuwa kuimba usiku. Watoto waliosikia walidhani kuna ngoma, wakaifuata sauti, wakaliwa. Sauti ya mtu asiyeonekana, inayoimba gizani na kuvuta watu: mtu aliyelelewa na hadithi hiyo akisikia gramafoni kwa mara ya kwanza, tayari ana mahali pa kuiweka. Hakuna ushahidi wa maandishi unaounganisha majina hayo mawili, na hapa uhusiano huo unatolewa kama dhana tu. Hata hivyo dhana hii inawapa waimbaji akili na utani wao, jambo ambalo simulizi ya ushamba wa kijiji haifanyi.

Baada ya kurekodiwa

Wimbo uliingia katika mfululizo wa The Music of Africa, uliotolewa na Decca kwa wasikilizaji wa kawaida, na katika Sound of Africa, mkusanyo wa santuri zaidi ya 200 uliokusudiwa wasomi na maktaba. Mwaka 1954 Tracey alianzisha taasisi ya ILAM, yaani Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika. Alikufa mwaka 1977, na taasisi ikahamia Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Grahamstown, unaoitwa sasa Makhanda. Baadaye kampuni ya SWP Records ya Michael Baird, Uholanzi, ilitoa upya sehemu ya hazina hiyo kwenye sidii.

Kwa njia hizo Chemutoi Ketienya akajulikana Utrecht na New York. Safari ya kurudi ilichukua zaidi ya miaka 60. Mnamo 2014 na 2015, ILAM ikiongozwa na Diane Thram, pamoja na Ketebul Music ya Tabu Osusa kutoka Nairobi na mradi wa Singing Wells, walipeleka nakala za rekodi za Tracey kwa jamii zilikotoka, Wakipsigis wakiwamo. Wazee wa Kapkatet walisikiliza sauti za ujana wa rika lao. Kazi ya namna hiyo ilipaswa kuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo.

Kantri katika Bonde la Ufa

Wakati rekodi ya 1950 ilikuwa rafuni ng'ambo, nyumbani muziki uliendelea na njia yake. Gitaa lilichukua nafasi ya chepkong katika baa na sherehe. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et wakawa sauti kubwa ya benga ya Kikalenjin, na upigaji wa gitaa la kidole ukabaki na ladha ambayo masikio ya Rodgers yasingeiona ngeni. Kantri yenyewe haikuondoka. Kutoka Nakuru hadi Eldoret ni muziki wa watu wazima wa kila kabila, na Kenya imezaa mwimbaji wake mashuhuri wa kantri, Elvis Otieno, anayejulikana kama Sir Elvis.

Kaptembwo, magharibi mwa Nakuru, ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili. Ni mtaa uliosongamana nyumba za kupanga, wenye Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wakisii na Wajaluo ploti moja, na uliumizwa vibaya na ghasia za baada ya uchaguzi mapema mwaka 2008. Lugha za redio zinatofautiana kutoka mlango hadi mlango. Wenye asili ya Kericho na Bomet hufungulia Kass FM au Chamgei FM. Kantri huvuka milango hiyo. Hakuna kabila linaloidai kuwa yake, na labda ndiyo sababu hakuna anayeiona kuwa ya kigeni.

Huko Marekani, Rodgers aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa muziki wa kantri mwaka 1961, katika kundi la kwanza kabisa. Chemutoi Ketienya hajawekewa ukumbi wowote. Rekodi yake imehifadhiwa Makhanda, ina nakala Kenya, na kwenye kumbukumbu za ILAM imeandikwa jina lake kamili, pamoja na mahali na mwaka. Waimbaji wenzake wameandikwa kwa pamoja tu: wasichana wa Kipsigis.