Kutoka SMS ya 2011 hadi VPN ya leo: namna mtandao ulivyozuiliwa Kongo, na namna ya kujua ugonjwa wa telefone yako

Kila mara hali inapochafuka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, neno moja linarudi mdomoni mwa wakaaji wa miji: VPN. Kijana anaiweka kwenye telefone ya mama yake, anabonyeza, alama inazunguka, haishiki. Ama inashika, lakini picha moja inachukua dakika tano kufunguka. Hapo wengi wanasema VPN imekufa. Mara nyingi haijakufa. Katika inchi hii mtandao umezuiliwa kwa njia mbalimbali, na karibu kila njia ina dawa yake. Kuna moja tu isiyokuwa na dawa.

Historia hiyo inaanza na SMS. Mwezi Desemba 2011, baada ya uchaguzi wa rais uliokuwa na mabishano makali, serikali iliamuru kampuni za simu kusimamisha ujumbe mfupi inchini kote. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa raia. Sauti ilibaki, maandishi yakakatika. Kwa kiziwi, ambaye simu ya sauti haimsaidii kitu, hilo lilikuwa sawa na kufungiwa mlango. Sheria ya mawasiliano ya 2002, kifungu cha 46, iliipa Serikali uwezo wa kukataza matumizi ya mitambo ya mawasiliano, yote ama sehemu, kwa ajili ya usalama wa umma.

Januari 2015 mkono ule ule uligusa intaneti. Tarehe 19 mwezi huo maandamano yalilipuka Kinshasa na katika miji mingine, Goma na Bukavu ikiwemo, kupinga mswada wa sheria ya uchaguzi uliofunga kura ya rais na hesabu ya raia. Kesho yake intaneti na SMS zilizimwa. Benki na ofisi za Serikali zilirudishiwa mtandao mapema, lakini raia mwenye telefone alingoja zaidi ya wiki mbili. Hakukuwa na VPN ya kusaidia.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. VPN ni kama bomba la siri linalopita ndani ya barabara iliyopo. Inafunga ujumbe wako kwa ufunguo, inaupeleka kwenye seva ya inchi nyingine, na seva hiyo ndiyo inaufikisha unakotaka. Barabara yenyewe ikibomolewa, bomba halina pa kupita. Kwa hiyo mwaka 2015, na tena wakati wa maandamano ya walei wakatoliki tarehe 31 Desemba 2017, aliyelipia VPN na asiyekuwa nayo walikuwa sawa.

Desemba 2016 ilileta njia nyingine. Muhula wa pili wa rais Joseph Kabila ulikuwa unaisha tarehe 19. Safari hii kampuni ziliagizwa kuzuia mitandao ya kijamii, si intaneti nzima. Barabara ilibaki wazi, vizuizi vikawekwa kwenye milango fulani. Hapo VPN ilikuwa na kazi, kwani kampuni inaona tu kwamba unaongea na seva ya mbali, haioni kama ndani ni Facebook ama WhatsApp.

Njia ya tatu ilikuja Agosti 2017. Mamlaka ya kusimamia mawasiliano iliagiza kampuni zipunguze uwezo wa kupitisha picha kwenye mitandao ya kijamii. Hakuna kilichozimwa, maandishi yanapita, picha inakwama. Ni vigumu kuutambua ugonjwa huu, kwa sababu unafanana na mtandao mbaya wa kila siku.

Kisha ikaja tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi. Intaneti na SMS zilizimwa tena, karibu siku 20, hadi siku ambazo Mahakama ya Katiba ilithibitisha ushindi wa Félix Tshisekedi. Mshauri wa rais alieleza kwamba matokeo ya uongo yalikuwa yanasambazwa. Wakati huo Ebola ilikuwa inaua Beni na Butembo, na familia zilihitaji habari za wagonjwa wao. Wakaaji wa Goma walitafuta kadi SIM za Rwanda ama walivuka hadi Gisenyi. Wa Bukavu walienda upande wa Kamembe. Kinshasa watu walisogea ukingo wa mto kutafuta mtandao wa Brazzaville. Njia pekee ilikuwa kwenda kwenye barabara ya jirani.

Februari 2025, wiki chache baada ya M23 kuingia Goma, X na TikTok ziliacha kufunguka inchini, na maombi ya VPN yakapanda. Kwa wengi wasiokumbuka 2016, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitumia.

Kutokana na miaka hiyo, mtu anaweza kupima telefone yake kwa hatua.

Kwanza, zima VPN. Hakikisha mega zako hazijaisha, kisha fungua tovuti ya kawaida, isiyokuwa ya mitandao ya kijamii. Ikiwa hakuna kinachofunguka, na majirani wa kampuni nyingine wako vilevile, huenda ni 2015. Usipoteze pesa kununua VPN.

Tovuti ikifunguka lakini X ama TikTok inakataa, ni 2016. Washa VPN. Ikikataa kushika, angalia tarehe na saa ya telefone: saa ikiwa mbali na ukweli, funguo za usalama zinakataliwa. Halafu badilisha seva. Mwishowe badilisha protokoli katika mipangilio. WireGuard ni nyepesi na ya haraka, lakini inatumia njia ya UDP ambayo ni rahisi kuizuia. OpenVPN, iliyoanzishwa na James Yonan mwaka 2001, inaweza kupita kwa TCP kwenye mlango 443, mlango ule ule wa tovuti za benki na biashara. Kuufunga huo kunaumiza inchi nzima.

Ikishika lakini ni polepole, angalia umbali. Kutoka Goma hadi Paris ni kilometa zaidi ya 6,000. Mwanga ndani ya waya wa fibre unakwenda karibu kilometa 200,000 kwa sekunde, lakini ujumbe haupiti mstari ulionyooka, na kila swali linahitaji jibu. Chagua seva ya Afrika kama ipo. TCP ikikulemea, rudi WireGuard. Na ikiwezekana, pitisha katika VPN programu moja tu inayozuiliwa, nyingine ziende njia yao ya kawaida.

Ikishika na kukatika kila mara skrini inapozima, mara nyingi kosa ni la mpango wa kuhifadhi betri. Iruhusu VPN ifanye kazi nyuma ya skrini.

Na isisahauliwe kwamba polepole nyingine haina siasa. Agosti 2023 waya wa baharini WACS, unaotua Muanda tangu 2013, ulikatika kwenye bonde la chini ya bahari la mto Kongo. Hakuna mwanasiasa aliyeamuru, na hakuna VPN iliyoweza kuongeza upana wa barabara. VPN haileti mega. Inakula zaidi kidogo.

Limebaki jambo la usalama. Mwenye seva anaona unakotembelea, mahali ambapo zamani kampuni yako ya simu iliona. VPN ya bure isiyosema nani mwenye mali inaweza kuishi kwa kuuza habari zako. Pia kampuni inaweza kutambua kwamba unatumia VPN, na anayeshika telefone yako mkononi anasoma kila kitu. Katika maeneo ya vita, hilo si jambo dogo.

Katika 2016 na 2025 walioteseka kidogo ni wale waliokuwa wameweka programu mbili tofauti mapema, wakazijaribu siku ambazo mtandao ulikuwa mzima. Mlango ukishafungwa, hata pa kupakulia panaweza kuwa pamefungwa. Na kwa ile siku ambayo barabara nzima inazimwa, familia nyingi za mpakani zimejifunza kuandika namba muhimu kwenye karatasi na kupatana mapema nani atavuka kutafuta habari.